Kisukari humdhuru mtoto kabla mama hajajua ana mimba

WANAWAKE wengi huenda kliniki ya waja wazito tumbo likiwa limeanza kuonekana. Huo ndio utaratibu tuliouzoea. Hedhi inakosekana mwezi mmoja, mwanamke anangoja. Inakosekana mwezi wa pili, anamnong'oneza dada yake au rafiki. Mwezi wa tatu kichefuchefu kinapungua, na hapo ndipo anapoanza kutafuta ruhusa kazini ili akapimwe. Kwa mwanamke mwenye afya nzuri kuchelewa huko si jambo la kusifiwa, lakini mara nyingi mtoto huendelea vyema. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa wa kisukari, mambo ni tofauti kabisa. Siku atakayolala kitandani kupimwa tumbo, moyo wa mtoto, ubongo wake na uti wake wa mgongo vitakuwa vimekwisha kuumbika. Kama kuna kitu ambacho sukari ilikiharibu, ilikiharibu kitambo.

Ikiwa wewe msomaji una kisukari na ungali katika umri wa kuzaa, au una mke, dada ama binti mwenye ugonjwa huo, tafadhali soma haya kabla ya mimba. Baada ya mimba yatakusaidia pia, lakini si kwa kiasi kile kile.

Hebu tuhesabu siku

Tuseme hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe 1 Mei, nawe ni mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Mimba itatungwa yapata tarehe 15 Mei. Kwa siku kadhaa yai hilo lililorutubishwa ni kifundo cha chembechembe kinachosafiri polepole hadi katika nyumba ya uzazi na kujishikiza humo. Tarehe 29 Mei unangoja hedhi, haiji. Labda hata hushtuki, kwa sababu ulikuwa na shughuli nyingi, na isitoshe kisukari chenyewe kinaweza kuvuruga hedhi.

Wakati wewe unangoja, huko ndani kazi imeshika kasi. Mtoto wa wiki hizi za mwanzo wataalamu humwita kiinitete. Mgongoni mwake pana bamba jembamba la chembechembe ambalo, katika juma la kwanza la Juni, huanza kujikunja kingo zake zikutane, kama unavyoikunja chapati iwe bomba. Bomba hilo ndilo litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo. Karibu tarehe 6 Juni moyo huanza kupiga, ingawa wakati huo ni mrija tu usio na vyumba. Karibu tarehe 9 Juni bomba la mgongoni hujifunga upande wa kichwani, na karibu tarehe 12 Juni upande wa chini. Kiinitete chote siku hiyo hakijauzidi urefu wa punje ya mchele. Kuta za moyo na vali zake hujengwa katika majuma yanayofuata, na ifikapo tarehe 10 Julai hivi, viungo vyote vikuu viko mahali pake. Kuanzia hapo kazi kubwa ni kukua.

Sasa jiulize: tarehe 12 Juni wewe ungekuwa umejua? Hedhi imechelewa wiki mbili. Wanawake wengi wangali wanangoja. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, linataka mja mzito aonwe kliniki kwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza wiki 12. Ni shauri jema, lakini mama mwenye kisukari anayelifuata barabara, akafika katika wiki ya 11, amefika mlango wa hatari ukiwa umekwisha kufungwa nyuma yake.

Sukari inafanya nini humo?

Bomba la mgongoni lisipojifunga upande wa kichwa, ubongo haukui, na mtoto huyo hawezi kuishi. Lisipojifunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, yaani kidonda au uvimbe mgongoni ambamo neva zimejitokeza. Miguu yaweza kupooza, mkojo ukawa haushikiki, na mara nyingi maji hujikusanya kichwani. Moyo nao waweza kubaki na tundu kati ya vyumba vyake, au mishipa mikubwa ikaungana mahali pasipofaa. Kuna kasoro nyingine ambayo ni nadra sana kwa watu wengine lakini huonekana zaidi kwa watoto wa mama wenye kisukari: sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na wakati mwingine miguu, hukosa kukua. Aidha mimba nyingi huharibika mapema, na mama akadhani ni hedhi iliyochelewa tu.

Sababu yake inaeleweka vizuri zaidi leo kuliko zamani. Sukari iliyo katika damu ya mama humfikia mtoto bila kizuizi. Insulini ya mama, ambayo ndiyo kidhibiti cha sukari, haimfikii. Mtu mzima sukari ikimzidi, kongosho lake likiwa zima humwaga insulini. Kiinitete hakina kongosho la kukisaidia. Mtoto huanza kutengeneza insulini yake mwenyewe katika wiki ya 10 au zaidi. Kwa hiyo katika yale majuma ya ujenzi, kiwango cha sukari ya mama ndicho kiwango cha sukari ya mtoto, naye hana la kufanya.

Watafiti wa Kituo cha Kisukari cha Joslin mjini Boston, Marekani, wakiongozwa na Mary Loeken, walitumia panya kufuatilia jambo hili katika miaka ya 1990 na baadaye. Waliona kwamba chembechembe za kiinitete zina mlango unaopitisha sukari nyingi sana inapozidi katika damu. Mfano wake ni jiko la makaa lililojazwa kupita kiasi katika chumba kisicho na dirisha: linawaka, lakini linajaza moshi. Chembe inayochoma sukari kupita kiasi hutoa sumu za oksijeni. Sumu hizo huzima, au hupunguza, kazi ya jeni iitwayo Pax3, ambayo ndiyo inayozilinda chembechembe za lile bomba la mgongoni zisife wakati linapojifunga. Jeni ikinyamaza, chembe hujiua. Bomba linabaki wazi. Panya wenye kisukari walipopewa dawa za kupunguza sumu hizo, kama vitamini E, kasoro zilipungua. Lakini usikimbilie duka la dawa kununua vitamini E: yaliyomfaa panya katika maabara hayajathibitishwa kuwa kinga kwa binadamu, na kinga iliyothibitishwa ipo, kama utakavyoona.

Ushahidi uliobadilisha matibabu

Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, swali hili halikuwako, kwa sababu wasichana waliopata kisukari kikali walikufa, na wachache waliobeba mimba walikuwa hatarini wao na watoto wao. Insulini iliwapa uhai, wakaolewa, wakazaa. Hapo ndipo madaktari walipoona kwamba watoto wengi wanazaliwa wanene kupita kiasi, na wengine wana kasoro. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen, Denmark, aliueleza unene huo katika miaka ya 1950: sukari ya mama inavuka, kongosho la mtoto linajibu kwa kumwaga insulini nyingi, na mtoto ananenepa. Lakini hayo ni mambo ya miezi ya mwisho. Kasoro za maumbile zilikuwa na saa yake tofauti.

Saa hiyo ilitajwa wazi mwaka 1979 na Wamarekani watatu, James Mills, Lester Baker na Allen Goldman. Walichukua kasoro zinazoonekana zaidi kwa watoto hao, wakalinganisha kila moja na siku ambayo kiungo husika huumbika. Jibu lao lilikuwa kwamba zote hutokea kabla ya wiki ya saba ya mimba.

Mwaka 1981 madaktari wa Boston wakatoa hesabu ya wanawake 116. Walitumia kipimo cha damu kinachoitwa HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita; mgonjwa hawezi kukidanganya kwa kujinyima chakula siku moja kabla ya kwenda hospitali. Waliokuwa na kipimo cha 8.5 kwa mia au chini yake mwanzoni mwa mimba, watoto wao wenye kasoro kubwa walikuwa 3.4 kwa mia. Waliozidi hapo walikuwa 22.4 kwa mia. Hiyo ni zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano.

Lakini hesabu inayostahili kubandikwa ukutani katika kila kliniki ya kisukari ni ile ya Karlsburg, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, iliyochapishwa mwaka 1983 na Fuhrmann na wenzake. Wanawake waliofika baada ya wiki ya nane walizaa watoto 292, na 22 kati yao walikuwa na kasoro. Wanawake waliodhibiti sukari kabla ya kushika mimba walizaa watoto 128. Mwenye kasoro alikuwa mmoja tu. San Francisco walipata picha kama hiyo mwaka 1991: 1.2 kwa mia kwa waliojitayarisha, 10.9 kwa mia kwa waliofika wakiwa tayari wana mimba.

Ni haki kueleza pia kwamba uchunguzi mwingine mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka 1988, ulikuta kuwa hata wanawake waliofuatiliwa mapema sana walikuwa na 4.9 kwa mia, ilhali wasio na kisukari walikuwa na 2.1 kwa mia. Kwa hiyo kudhibiti sukari hakuondoi hatari yote. Inaipunguza sana. Na ukitazama kwa upande wa pili, wengi mno wa watoto wa mama wenye kisukari huzaliwa wazima. Mtu asikutishe kwamba mwenye kisukari hafai kuzaa.

Wala mtoto akizaliwa na kasoro si laana ya ukoo, si mkono wa jirani, wala si adhabu ya mama. Nalisema hili kwa sababu katika mitaa yetu swali la kwanza bado ni "alifanya nini?" Mgongo wazi hutokea pia, na mara nyingi zaidi, kwa watoto wa akina mama wasio na kisukari kabisa. Hospitali kama Kijabe, kaunti ya Kiambu, kwa miaka mingi zimekuwa zikiwafanyia watoto hao upasuaji, na wengi wanaofikishwa mapema hukua na kwenda shule.

Si kila kisukari

Hapa wasomaji wengi huchanganyikiwa. Kuna kisukari kinachokuja na mimba yenyewe, ambacho kwa kawaida huonekana kati ya wiki ya 24 na ya 28, na hupungua mtoto akizaliwa. Hicho huja viungo vya mtoto vikiwa vimekwisha kuumbika, kwa hivyo hatari yake kubwa ni mtoto mnene anayekwama wakati wa kuzaliwa, na mtoto kushukiwa na sukari baada ya kuzaliwa. Tunachozungumzia leo ni kisukari kilichokuwapo kabla ya mimba, kiwe cha aina ya kwanza kinachowashika watoto na vijana, au cha aina ya pili ambacho zamani tuliambiwa ni cha wazee na matajiri. Siku hizi aina ya pili iko kwa wanawake wa miaka 30 wanaouza mitumba na wanaokaa ofisini.

Tatizo ni kwamba wengi hawajui kuwa wanacho. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari hukadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajapimwa. Mwanamke wa namna hiyo hushika mimba akiwa na sukari ya 12 au 15, akaambiwa katika mwezi wa sita kwamba ana "kisukari cha mimba", kumbe alikuwa nacho miaka mitatu. Ukiwa na mzazi mwenye kisukari, au uzito wako umezidi, au ulizaa mtoto wa zaidi ya kilo 4, au mimba zimekuharibikia mara kwa mara bila sababu kujulikana, nenda ukapimwe kabla ya kutafuta mtoto mwingine. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7 au zaidi, au HbA1c ya 6.5 kwa mia au zaidi, daktari ataagiza kipimo kirudiwe ili kuhakikisha.

Kujitayarisha

Jambo la kwanza ni kuwa na mpango wa uzazi hadi sukari itulie. Mwanamke mwenye kisukari anaweza kutumia njia za kupanga uzazi kama wengine, ila achague pamoja na daktari anayejua shinikizo la damu yake na hali ya figo zake. Mume naye ahusishwe. Miezi mitatu au minne ya kungoja ni rahisi kuivumilia ikiwa wote wawili wanajua wanangoja nini, na mama mkwe akiuliza, basi mume ndiye ajibu.

Miongozo ya Uingereza humshauri mwanamke alenge HbA1c iliyo chini ya 6.5 kwa mia kabla ya kushika mimba, ikiwa anaweza kufika hapo bila kushukiwa na sukari. Ikiwa ni zaidi ya 10 anashauriwa kwa nguvu asishike mimba kwanza. Kila hatua ya kushuka ina faida: aliyetoka 11 akafika 8 amefanya kazi kubwa hata kama hajafika 6.5. Ukiwa na upungufu wa damu au ugonjwa wa selimundu, mwambie daktari, kwani kipimo hiki kinaweza kupotosha. Utahitaji kujipima kidoleni mara nyingi zaidi.

Kisha kuna asidi ya foliki, vitamini inayosaidia lile bomba la mgongoni kujifunga. Tembe wanazopewa waja wazito katika kliniki zetu, zenye madini ya chuma ndani yake, huwa na mikrogramu 400. Miongozo hiyo hiyo humpa mwenye kisukari miligramu 5 kila siku, yaani zaidi ya mara kumi, kuanzia anapopanga kushika mimba hadi wiki ya 12. Ni tembe ndogo za bei nafuu, ila huandikwa na daktari. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti utiwe asidi hii. Lakini unga wa posho mill hauna, na hata ule wa pakiti hautoshi kwa mwenye kisukari.

Tatu ni dawa unazokunywa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalapril na losartan, humdhuru mtoto na hubadilishwa. Atorvastatin ya mafuta mwilini nayo husimamishwa. Metformin mara nyingi huendelea, kwa ushauri wa daktari. Insulini haimfikii mtoto, kwa hiyo wale wanaoogopa kuichoma "isije ikamdhuru mtoto" wanaogopa kitu kilicho kinga. Chukua dawa zako zote, pamoja na zile za mitishamba, uziweke mbele ya daktari mezani. Usiache hata moja kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kuhusu chakula, sitakuorodheshea mengi. Ugali wa wimbi ni mzuri, lakini sahani iliyojaa ugali wa wimbi bado ni sahani iliyojaa ugali. Punguza kipande, ongeza sukuma wiki, maharagwe au ndengu, na soda iache kabisa isipokuwa sukari imekushukia. Angalia hilo la kushukiwa: katika wiki za kwanza za mimba, kichefuchefu kikichanganyika na insulini, sukari yaweza kuanguka ghafla. Mtu wa nyumbani ajue kukupa maji ya sukari haraka. Macho nayo yachunguzwe mapema, kwa kuwa kushusha sukari kwa haraka kunaweza kuzidisha ugonjwa wa macho uliokuwako.

Na kama unasoma haya ukiwa tayari umechelewa hedhi? Pima mimba leo, si mwezi ujao; kipimo cha mkojo kinauzwa katika duka lolote la dawa. Ikiwa ipo, usingoje siku ya kliniki ya waja wazito. Nenda moja kwa moja kwa daktari wako wa kisukari wiki hii, kwa sababu huenda siku zingine za ujenzi bado zipo, na hata zikiwa zimepita, sukari njema humkinga mtoto katika miezi iliyobaki. Usiamue kwamba mtoto ameharibika kwa sababu sukari yako ilikuwa juu. Kati ya wiki ya 18 na ya 20 omba upigwe picha ya ultrasaundi na mtaalamu atakayeutazama moyo na mgongo wa mtoto, ili kama kuna tatizo ujue mapema utajifungulia hospitali gani.

Na mtoto akishazaliwa, uliza juu ya njia ya kupanga uzazi kabla ya kutoka wodini. Mimba inayofuata inaweza kutungwa hata kabla hedhi ya kwanza haijarudi.